Mwanga Bila Shahidi Si Kipimo: Mwongozo wa Kupima Sumukuvu kwa Vihisi Vinavyong'aa

Mwongozo huu ni wako unayenunua mahindi au karanga kwa wingi mjini Kampala: mwenye mashine ya kusaga Kisenyi, mtunza ghala wa chama cha ushirika, mnunuzi wa posho ya shule, au fundi wa maabara ndogo anayetakiwa kujibu swali moja kabla lori halijashushwa. Swali lenyewe ni hili: mzigo huu una sumukuvu kiasi gani? Huenda ukaletewa kifaa kidogo chenye taa, kichupa cha chembe zinazong'aa, na ahadi ya jibu ndani ya dakika chache. Sayansi iliyo nyuma ya ahadi hiyo ni ya kweli, ingawa vifaa vingi vya aina hii bado viko mikononi mwa watafiti na havijazoeleka sokoni. Hoja yetu ni kwamba mwanga peke yake hauthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mashahidi, yaani vipimo vya kulinganisha vinavyofanywa sambamba na sampuli yako. Mwenye kuwadai mashahidi hao hufaidika hata na kifaa cha kawaida. Asiyewadai hupotoshwa hata na kifaa cha bei kubwa.

Kwa nini upime

Sumukuvu ya aflatoksini hutengenezwa na ukungu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, unaoshambulia mahindi na karanga shambani na ghalani. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na kupika posho hakuiondoi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na tangu mwaka 1971 utafiti uliofanywa Uganda ulikuwa umeshahusisha sumukuvu iliyomo katika vyakula na saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua upesi: nchini Kenya mwaka 2004 walirekodiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki.

Biashara nayo huumia. Mwezi Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku hiyo iliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iandamane na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kina mipaka miwili: aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aflatoksini B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Zingatia mipaka yote miwili, kwa kuwa kihisi kinachopima B1 peke yake hakijibu swali la jumla.

Mwanga unasema nini, na hausemi nini

Tuanze na taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagulia noti. Aflatoksini zenyewe hung'aa chini ya taa hiyo, kundi B kwa buluu na kundi G kwa kijani, na ndiyo maana wengi hudhani kumulika punje kunatosha. Lakini mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana kwenye mahindi yaliyovunjwa na kumulikwa hautoki kwenye sumukuvu. Hutokana na asidi ya kojiki, ambayo ukungu huohuo huitoa na vimeng'enya vya mahindi mabichi huibadilisha. Kwa hiyo mng'ao huo ni dalili kwamba ukungu umepita, wala hausemi umeacha sumu kiasi gani. Yapo mahindi yanayong'aa yaliyo chini ya kiwango, na yapo yasiyong'aa yaliyozidi kiwango mara kadhaa. Taa inaweza kukusaidia kuchagua mzigo wa kutiliwa shaka kwanza. Haiwezi kukupa ruhusa ya kuupokea.

Vihisi vya chembe nano vinajaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza mwanga unaodhibitiwa. Chembe hizo ni ndogo mno, kwa kawaida kati ya nanomita 2 na 10, na zikimulikwa hung'aa kwa rangi inayotegemea ukubwa wao au namna zilivyotengenezwa. Aina moja ya chembe hizo, nukta kwanta za madini, ndiyo iliyowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2023. Aina nyingine, nukta za kaboni, zilizogunduliwa mwaka 2004, ni rahisi zaidi kutengeneza na hazina kadmiamu. Molekuli ya sumukuvu ikikaribia chembe, mng'ao hupungua au huongezeka, na kifaa hugeuza mabadiliko hayo kuwa namba.

Hapa ndipo shaka ya kwanza inapoingia. Kihisi ambacho mwanga wake hufifia sumu ikiwepo kina udhaifu wa asili, kwa sababu mambo mengi yanaweza kufifisha mwanga: vumbi la unga lisilochujwa, rangi ya mahindi ya njano, madini ya chuma au shaba katika maji, hata kichupa kilichoshikwa kwa vidole vyenye mafuta. Nukta za kaboni zinazong'aa buluu zina tatizo jingine, maana sumukuvu ya kundi B na baadhi ya kemikali za asili za ganda la mahindi nazo hung'aa buluu. Ukiwa na uchaguzi, pendelea kihisi kinachong'aa zaidi sumu ikiwepo, au kinachotumia rangi mbili na kupima uwiano wake, rangi moja ikibadilika na nyingine ikibaki kama mlinzi. Hata hivyo rangi mbili hazitoshi. Chembe hazina macho ya kutambua molekuli, na utambuzi ni kazi ya polima.

Chapa ndani ya polima

Polima yenye chapa hutengenezwa kwa kuchanganya molekuli ya kiolezo na viungo vya plastiki vinavyoizunguka. Mchanganyiko ukishaganda, kiolezo huoshwa na kuacha tundu lenye umbo lake, kama alama ya kiatu kwenye udongo mbichi. Njia hii ilipata nguvu kutokana na kazi za Günter Wulff mwaka 1972 na baadaye Klaus Mosbach. Faida yake ni ugumu. Kingamwili zinazotumika katika vijiti vya kupimia ni protini zinazoharibiwa na joto na pombe kali, lakini polima huvumilia ghala lisilo na jokofu na viyeyushi vinavyotumika kuitoa sumu kwenye unga.

Lakini alama ya kiatu hupokea kiatu chochote cha saizi na umbo la karibu. Aflatoksini B2 inatofautiana na B1 kwa atomu mbili tu za haidrojeni. Tena, plastiki yenyewe hunasa vitu hata pasipo na tundu. Ndiyo maana watengenezaji makini hutengeneza polima pacha kwa viungo vilevile, bila kiolezo. Kama polima yenye chapa inanasa vipande 10 na pacha wake asiye na chapa ananasa 5, basi nusu ya kilichonaswa hakikutokana na chapa. Kihisi cha namna hiyo ni gundi ya bei ghali. Jambo jingine la kuuliza ni kiolezo gani kilitumika. Kikiwa ni sumukuvu yenyewe, mabaki yake yanaweza kuvuja polepole kutoka kwenye polima na kukuonyesha sumu isiyokuwemo kwenye mahindi. Kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti hutumia kiolezo cha badala kinachofanana nayo, kama vile dimethoksikumarini, ambacho hata kikivuja hakiwi sumukuvu.

Kisanduku: mashahidi watano wa kudai kabla ya kulipa

☐ Unga safi. Unga uliothibitishwa na maabara kuwa hauna sumukuvu. Kifaa kinatakiwa kionyeshe karibu na sifuri. Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa hayana vurugu za mahindi.

☐ Unga wa kiwango kinachojulikana. Kwa mfano mikrogramu 10 kwa kilo. Jibu likiangukia kati ya asilimia 70 na 110 ya kiwango hicho, linakubalika.

☐ Polima pacha isiyo na chapa. Omba kuona matokeo yake kwenye sampuli zilezile.

☐ Ndugu na majirani. Aflatoksini B2, G1 na G2, pamoja na sumu nyingine za ukungu kama okratoksini A na zearalenoni, kila moja peke yake, kisha zikiwa zimechanganywa na B1.

☐ Maabara huru. Sampuli zilezile, zilizofichwa majina, zipimwe kwa kromatografia katika maabara isiyo na uhusiano na muuzaji.

Muuzaji akikuletea mstari ulionyooka uliochorwa kwa sumukuvu iliyoyeyushwa katika maji safi, amekuonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi ndani ya maji safi. Wewe hununui maji.

Hatua za kuchukua sampuli

Hakuna kihisi kinachoweza kurekebisha sampuli mbaya. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia, bali hujikusanya katika punje chache. Imewahi kupimwa punje ya karanga yenye zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Punje ya nusu gramu yenye kiasi hicho inabeba mikrogramu 500, inayotosha kufikisha kilo 50 za karanga safi kwenye mpaka wa 10. Ukichota konzi moja juu ya gunia, karibu kila mara utaikosa punje hiyo, na ukibahatika kuipata utadhani mzigo mzima umeoza. Ndiyo maana makosa ya sampuli kwa kawaida huzidi makosa ya kifaa.

1. Tambua shehena moja: asili moja, msimu mmoja, lori moja. Usichanganye mizigo ya madalali wawili.
2. Tumia bambo refu linalofika katikati ya gunia. Chota magunia ya mbele, ya nyuma, ya juu na ya chini.
3. Fuata idadi inayoeleweka. Kanuni za Ulaya za nafaka hutaka michoto 60 ya takriban gramu 100 kwa shehena ya tani 10 hadi 20, jumla kilo 6, na michoto 100 kwa tani 20 hadi 50. Karanga zinahitaji zaidi.
4. Saga sampuli yote, wala usisage sehemu yake tu. Changanya vizuri, kisha gawa mafungu manne, chukua robo mbili zinazokabiliana, na urudie mpaka ufikie kiasi unachohitaji.
5. Hifadhi fungu la pili kwenye mfuko wa karatasi uliotiwa muhuri, tarehe na namba ya lori. Hilo ndilo litakalokutetea ukibishaniwa.

Hatua za kupima

1. Anza kila asubuhi kwa unga safi na unga wa kiwango kinachojulikana. Mmoja akikosea, usiendelee.
2. Pima gramu 50 za unga, ongeza mililita 250 za kiyeyushi kilichoelekezwa na mtengenezaji, na tikisa kwa muda ulioandikwa.
3. Chuja mpaka mchujo, yaani maji yaliyochujwa, uwe angavu. Mchujo usio angavu hudanganya mwanga.
4. Punguza makali ya mchujo kwa maji kwa kipimo kilichoelekezwa, na kiandike.
5. Pima mwanga wa mchujo wenyewe kabla ya kuongeza chembe. Namba hiyo inakuonyesha mahindi yenyewe yanang'aa kiasi gani.
6. Ongeza chembe zenye polima, subiri muda uliowekwa, kisha soma. Weka vichupa kivulini, kwani jua hufifisha baadhi ya chembe na joto hubadilisha mng'ao.
7. Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana sana, tafuta sababu badala ya kuchukua wastani.
8. Baada ya kila kundi la sampuli, rudia unga wa kiwango kinachojulikana ili uone kama kifaa kimehama.

Hesabu inayowashinda wengi

Kifaa hupima mchujo, wakati sheria inazungumzia nafaka. Katika mfano wetu, gramu 50 kwa mililita 250 ni kupunguza mara 5. Ukipunguza mchujo tena mara 4, jumla ni mara 20. Kwa hiyo jibu la nanogramu 0.3 kwa mililita ni sawa na mikrogramu 6 kwa kilo ya mahindi.

Hesabu hiyohiyo inafichua tangazo linalovutia bure. Muuzaji anaposema kifaa chake kinaona hadi nanomoli 1 kwa lita, inasikika kama maajabu. Lakini gramu 312 za B1 ni moli moja, kwa hiyo nanomoli 1 kwa lita ni takriban nanogramu 0.31 kwa mililita. Zidisha kwa 20 upate mikrogramu 6.2 kwa kilo, juu ya mpaka wa B1 ambao ni 5. Kifaa hicho hakiwezi kukuambia kama mahindi yako yamevuka mpaka huo au la. Daima mwombe muuzaji akutajie uwezo wa kifaa kwa mikrogramu kwa kilo ya mahindi halisi.

Kisanduku: kuamua

Kwa kihisi kinachopima jumla ya aflatoksini, na mashahidi wote wa siku wakiwa wamepita (namba ni mikrogramu kwa kilo):

- Chini ya 4: pokea, hifadhi sampuli ya pili.
- Kati ya 4 na 10: usiamue hapohapo. Tenga mzigo na peleka sampuli maabara.
- Zaidi ya 10: usipokee. Ukibishaniwa, maabara iamue.

Kwa kihisi kinachopima B1 pekee, gawa mipaka hii kwa mbili, ukikumbuka kwamba swali la jumla bado halijajibiwa. Pengo hili limewekwa makusudi, kwani kifaa cha ghalani pamoja na makosa ya sampuli hakiwezi kutofautisha 9 na 11.

Makosa ya kawaida

- Kuchota sampuli kwenye magunia ambayo mwenye mzigo amekuchagulia.
- Kutumia mstari wa ulinganisho uliotengenezwa kwa mahindi kupimia karanga zenye mafuta mengi.
- Kusoma "haikuonekana" kama "hakuna". Maana yake ni kwamba kiasi kiko chini ya uwezo wa kifaa.
- Kudhani kihisi cha aflatoksini kinaona fumonisini. Hiyo ni sumu nyingine, ina mpaka wake wa miligramu 2 kwa kilo ya mahindi, na inahitaji kipimo chake.
- Kuchanganya mahindi mabaya na mazuri ili namba ishuke. Sumu haitoweki, bali husambazwa kwa walaji wengi zaidi.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Mtu anaweza kusema kwamba vijiti vya kingamwili vipo tayari, basi polima ya nini? Swali ni la haki, na kwa mnunuzi wa leo jibu mara nyingi ni kutumia kijiti kilichokwisha kuthibitishwa. Polima ina nafasi mahali palipo na joto, pasipo na jokofu, na panapohitajika kutumia kihisi kilekile mara nyingi. Lakini uvumilivu wa joto ni tofauti na usahihi. Polima isiyokuwa na mashahidi ni dhaifu kuliko kijiti chenye mashahidi, na hili linabaki kuwa kweli hata kama kijiti ni teknolojia ya zamani.

Pingamizi la pili ni la muda: malori yamepanga foleni, nani atapima unga safi na unga wa kiwango? Ukiangalia hatua zilivyopangwa, mashahidi wazito, yaani polima pacha, ndugu wa molekuli na maabara huru, wanadaiwa mara moja tu kabla ya kununua na kila kundi jipya la chembe linapofika. Wa kila siku ni vichupa viwili asubuhi na kimoja baada ya kila kundi. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na lori linalorudishwa kutoka mpakani Busia.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kipimo hakisafishi mahindi. Ni kweli. Kukausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kupanga magunia juu ya mbao na kutoa punje zilizovunjika hupunguza sumukuvu, na hakuna kihisi kinachoweza kufanya hivyo. Lakini bila kipimo huwezi kujua mkulima yupi anakausha vizuri na yupi hakaushi, wala huna sababu ya kumlipa zaidi yule wa kwanza. Kipimo chenye mashahidi huipa kazi ya kukausha bei yake.

Usalama

Vaa glavu na barakoa unaposaga, maana vumbi la mahindi yenye ukungu hubeba sumu. Viyeyushi kama methanoli ni sumu na hushika moto, kwa hiyo fanya kazi penye hewa, mbali na jiko la mashine. Vyombo vilivyogusa sumukuvu viloweke katika maji yenye dawa ya klorini baada ya kumwaga kiyeyushi chote kwenye chombo chake. Usichanganye klorini na viyeyushi wala asidi. Chembe zenye kadmiamu zisimwagwe kwenye mtaro: zikusanye katika chupa iliyoandikwa na kuirudisha kwa muuzaji au maabara. Kamwe usijitengenezee unga wenye sumu kwa kutumia sumukuvu safi. Mwachie mwenye maabara.

Pa kuanzia

Kwa upimaji wa rufaa, Kampala na viunga vyake vina maabara ya serikali ya uchunguzi wa kikemia iliyoko Wandegeya na shirika la viwango la taifa lenye makao yake Bweyogerere. Uliza mapema gharama, muda wa majibu na kiasi cha sampuli wanachotaka. Kama bajeti yako ni ndogo, nunua bambo refu na kipima unyevu, kisha lipia vipimo vya maabara kwa shehena kubwa. Kihisi kinachong'aa kifuate baadaye, siku muuzaji atakapokuletea mashahidi wote watano kwa maandishi, nawe ukawapima mwenyewe kwa mahindi ya ghala lako.